Deki Mpya, Risiva ya Zamani: Maneno Yasipotee Njiani

Somo la kujadiliwa kikundini



Vikundi vyetu vingi vina mradi wa vyombo vya sauti. Vingine hukodisha spika kwa harusi na harambee. Vingine huonyesha filamu za mafundisho katika ukumbi wa parokia: mambo ya kilimo, maji safi, malezi ya watoto, maisha ya watakatifu. Mara nyingi vyombo hivyo havikununuliwa siku moja. Risiva, yaani amplifaya yenye redio ndani yake, ilitoka kwa mfadhili au kwa duka la mitumba, nayo ni ya kitambo. Deki ya kuchezesha diski ilinunuliwa juzi mjini. Ukiziweka pamoja, ya zamani na mpya, zinakataa kuelewana. Hapo ndipo lawama huanza kikundini.

Somo hili latueleza jinsi ya kuunganisha deki ya diski na risiva ya zamani ya sauti ya kuzunguka, yaani ile yenye spika za mbele, za katikati na za nyuma. Msiseme ati hili ni jambo la mafundi na vijana pekee. Mwenyekiti alielewe, mweka hazina alielewe, na mama anayeketi nyuma alielewe, kwa maana pesa zinazotumika ni za wote.

IGIZO LA KUANZISHA MAZUNGUMZO

Chagueni watu wawili waigize kwa dakika tatu. Mahali ni ukumbi wa parokia, Jumamosi jioni. Watu wamejaa wakingoja filamu. Picha inaonekana kwa televisheni, lakini spika ziko kimya.

KIJANA: Mama, hii risiva imekufa. Nimebonyeza kila kitu.

MWEKA HAZINA: Imekufa vipi, mwanangu, na asubuhi ilikuwa inaimba redio?

KIJANA: Redio ni redio, mama. Hii ni mashine ya kitambo. Deki za siku hizi haziwezi kuingiliana nayo. Tununue ingine.

MWEKA HAZINA: Pesa ziko, lakini tulikubaliana ni za mbegu. Nikizitoa leo, Jumanne nitawaambia nini wanachama?

KIJANA: Basi niambie nifanye nini.

MWEKA HAZINA: Mimi sijui mashine. Lakini nakuuliza tu: hiyo waya imeingia wapi?

Baada ya igizo, ulizaneni: Tumeona nini? Kwa nini imekuwa hivyo? Je, kwetu hutokea? Wacheni watu waseme kabla ya kuendelea kusoma.

Mama wa igizo hajui mashine, lakini ameuliza swali la maana kuliko yote. Risiva iliimba redio asubuhi. Kwa hivyo risiva ni nzima, na spika ni nzima. Televisheni inaonyesha picha. Kwa hivyo deki inasoma diski. Shida iko katikati: aidha waya umeingia tundu lisilo lake, au deki inasema lugha ambayo risiva haijui. Hakuna kilichokufa.

1. TUJUE UMRI WA VYOMBO VYETU

Diski za CD zilianza kuuzwa mwaka 1982. DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na Blu-ray zikafuata mwaka 2006. Njia ya HDMI, ule waya mmoja wenye kichwa bapa unaobeba picha na sauti pamoja, ilitangazwa mwaka 2002. Kwa hivyo risiva iliyotengenezwa mwaka 1995 haiwezi kuwa na tundu la HDMI. Huo si ugonjwa. Ni umri.

Someni uso wa risiva yenu, kisha muiweke katika moja ya mafungu haya.

Fungu la kwanza ni ile iliyoandikwa STEREO tu. Hiyo ina sauti ya njia mbili, kushoto na kulia.

Fungu la pili ni ile iliyoandikwa DOLBY PRO LOGIC. Hizi zilianza mwaka 1987. Hupokea sauti ya njia mbili, halafu zenyewe huigawa iende mbele kushoto, mbele kulia, katikati na nyuma.

Fungu la tatu ni ile iliyoandikwa DOLBY DIGITAL, au DTS, au zote mbili. Diski za nyumbani zenye Dolby Digital zilianza mwaka 1995. Hii hupokea njia sita zilizokwisha kutengwa: tano za sauti ya kawaida na moja ya sauti nzito. Ndiyo maana huitwa 5.1.

Angalieni neno moja dogo. Kama imeandikwa DOLBY DIGITAL READY, haimaanishi kwamba inaweza kufungua sauti hiyo yenyewe. Maana yake ina matundu sita ya kupokea sauti iliyofunguliwa na chombo kingine. Neno hilo READY limewapotosha wengi.

2. KABLA YA KUGUSA WAYA: STIMA

Stima inaua. Tusiruke sehemu hii.

Geuzeni risiva msome kibandiko cha nyuma. Stima yetu hapa Kenya ni volti 240. Chombo kilicholetwa na wageni kutoka Marekani kinaweza kuwa cha volti 120, na kile cha Japani volti 100. Ukikichomeka moja kwa moja ukutani kitaungua papo hapo. Chombo kama hicho kinahitaji transfoma ya kushusha stima, yenye uwezo wa wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Ikiwa nyuma kuna swichi ndogo ya kuchagua volti, hakikisheni imewekwa 230 au 240 kabla ya kuchomeka.

Msifungue kifuniko cha risiva. Hata baada ya kuchomoa plagi, ndani yake huweza kubaki stima iliyohifadhiwa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Ukiunganisha waya wowote, fuata taratibu hii: teremsha sauti hadi chini kabisa, zima vyombo vyote, chomoa plagi, unganisha nyaya, chomeka, washa, kisha pandisha sauti polepole. Mkitumia jenereta, iwasheni kwanza, mngoje itulie, ndipo mwashe deki na risiva.

3. KILA TUNDU NI MLANGO WAKE

Nyuma ya risiva kuna matundu mengi, na hiyo huogopesha watu. Lakini kumbukeni maneno mawili tu. OUT ni mlango wa kutoka. IN ni mlango wa kuingia. Sauti hutoka kwa deki, OUT, na kuingia kwa risiva, IN. Ukitia waya OUT kwa OUT utangoja mpaka kesho.

Kuna njia tano. Anzeni na ile rahisi.

Njia ya kwanza: nyekundu na nyeupe. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Toa kwenye AUDIO OUT ya deki, ingiza kwenye risiva mahali palipoandikwa DVD, CD, AUX au VIDEO. Yote hayo hufanya kazi. Usiingize penye PHONO. Mlango wa PHONO ni wa gramafoni ya santuri, ambayo sauti yake ni ndogo mno, kwa hiyo risiva huikuza mara nyingi. Sauti ya deki ikiingia hapo itatoka kubwa kupita kiasi na ya kukwaruza, na inaweza kuharibu spika. Pini ya manjano ni ya picha. Ipelekeni moja kwa moja kwa televisheni, hakuna haja ipitie kwa risiva.

Njia ya pili: waya mmoja wa dijitali. Uko wa aina mbili. Moja ni COAXIAL, tundu la duara ambalo mara nyingi lina rangi ya chungwa. Ukikosa waya wake, waya wa manjano wa picha hufaa, kwa kuwa umetengenezwa kwa kipimo kile kile cha omu 75. Nyingine ni OPTICAL, waya unaobeba sauti kwa mwanga. Tundu lake ni dogo la mraba. Deki ikiwaka utaona nuru nyekundu kwenye ncha ya waya, msiukazie macho. Toeni vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake kabla ya kuingiza, na msiukunje waya huu kama kamba ya mbuzi, utavunjika ndani. Tundu la COAXIAL haliingiliani na la OPTICAL. Lazima vyombo vyote viwili viwe na aina moja.

Njia ya tatu: nyaya sita. Deki zingine zina matundu sita ya 5.1 CH OUT. Risiva zingine zina 5.1 INPUT, EXT. IN au MULTI CH IN. Hapo waya mmoja mmoja uende kwa jina lake: FRONT kwa FRONT, CENTER kwa CENTER, SURROUND kwa SURROUND, SUBWOOFER kwa SUBWOOFER. Hii ndiyo njia nzuri kwa risiva ile ya READY.

Njia ya nne: kupitia televisheni. Deki nyingi za Blu-ray za siku hizi zina HDMI peke yake. Pelekeni HDMI kwa televisheni, halafu mtoe sauti kwa televisheni kupitia OPTICAL OUT, au kupitia tundu la vichwa vya kusikilizia kwa waya wenye pini moja ndogo upande mmoja, na nyekundu na nyeupe upande wa pili.

Njia ya tano: kisanduku cha kutenganisha sauti. Ikiwa televisheni haina mlango wa sauti kutoka, kuna kisanduku kidogo kiuzwacho madukani. HDMI ya deki huingia humo, kisha hutoka mara mbili: picha huenda kwa televisheni kwa HDMI, na sauti huenda kwa risiva kwa OPTICAL au kwa nyekundu na nyeupe.

Hapa mweka hazina asikilize vizuri. Kuna waya unaouzwa kwa bei ya chini, wenye HDMI upande mmoja na pini tatu za rangi upande wa pili, bila kisanduku chochote. Msinunue. HDMI hubeba dijitali, na pini zile za rangi zinataka analogi. Waya mtupu hauwezi kugeuza moja kuwa nyingine. Kisanduku chenye umeme wake ndicho hugeuza.

4. DEKI ISEME LUGHA AMBAYO RISIVA INAJUA

Mkitumia nyekundu na nyeupe, deki yenyewe hufungua sauti na kuipeleka ikiwa tayari. Lakini mkitumia waya wa dijitali, mna kuchagua.

Fikirieni barua iliyokuja kwa kikundi. Katibu anaweza kuifungua akaisoma kwa sauti, kila mtu akasikia. Au anaweza kuipeleka kwa mwenyekiti ikiwa imefungwa, mwenyekiti aifungue mwenyewe. Ikiwa mwenyekiti hajui lugha ya barua, haitasaidia kitu.

Katika menyu ya deki, PCM ni barua iliyofunguliwa. BITSTREAM ni barua iliyofungwa. Deki zingine badala ya BITSTREAM huandika RAW. Risiva yenye DOLBY DIGITAL inaweza kufungua barua, basi chagueni BITSTREAM au RAW mpate spika zote. Risiva isiyo na DOLBY DIGITAL lakini ina tundu la dijitali, chagueni PCM. Kwa waya huu PCM itawapa njia mbili tu, kushoto na kulia, lakini mtasikia.

Kosa la hapa lina dalili zake. Mkisikia kimya kabisa, au mshindo kama mvua juu ya mabati, teremsheni sauti haraka. Risiva imepewa barua isiyoweza kuisoma. Rudini kwa menyu mchague PCM.

Jinsi ya kufika huko: simamisha diski, bonyeza SETUP kwenye rimoti, tafuta AUDIO SETUP, halafu DIGITAL OUTPUT au SPDIF. Deki nyingi hukataa kubadilishwa wakati diski inacheza. Kwa hivyo isipokubali, toa diski kwanza.

Wenye Blu-ray wasihangaike. Diski hizo huwa na sauti za aina mpya ambazo OPTICAL na COAXIAL haziwezi kubeba. Mkichagua BITSTREAM, deki hutuma ile sauti ya kawaida ya Dolby Digital au DTS ambayo risiva ya zamani inaijua. Ukumbini hakuna atakayelalamika.

5. MUZIKI UNASIKIKA, MANENO HAYASIKIKI

Hii ndiyo shida inayowasumbua watu kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama uchawi. Filamu inaanza. Ngoma inasikika, mvua inasikika, magari yanasikika. Mwalimu anafungua kinywa, na hatumsikii. Watu wanapiga kelele, "Ongeza sauti!" Mkiongeza, ngoma inapasua masikio na mwalimu bado ni bubu.

Sababu ni hii. Katika sauti ya njia sita, maneno ya wasemaji huwekwa zaidi katika njia ya katikati, CENTER. Muziki na vishindo hugawanywa pembeni na nyuma. Njia ya katikati ikikatika popote, maneno yamepotea. Yanaweza kukatikia mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni kwa deki. Mmeunganisha nyekundu na nyeupe tu, lakini menyu ya deki inadhani kuna spika sita. Kwa hiyo maneno yanapelekwa kwa tundu la CENTER ambalo halina waya. Nendeni SETUP, mtafute DOWNMIX au SPEAKER SETUP. Mkikuta 5.1 au OFF, badilisheni. Kwa risiva ya STEREO chagueni STEREO. Kwa risiva ya PRO LOGIC chagueni LT/RT, kwa maana hiyo huunganisha njia zote katika mbili kwa namna ambayo Pro Logic inaweza kuzigawa tena.

Mahali pa pili ni kwa risiva. Risiva imeambiwa kuna spika ya katikati, na kumbe hakuna, au iko lakini waya umechomoka. Kama mna spika mbili tu, bonyezeni STEREO. Au katika mipango ya risiva, penye CENTER mchague NONE. Zile za Pro Logic huandika PHANTOM. Hapo maneno yatagawiwa spika za kushoto na kulia, na kila mtu atasikia.

Kikundi kinachoonyesha filamu za mafundisho hakiendi huko kutafuta vishindo. Kinataka mama aliyeketi mwisho asikie jinsi ya kuchanganya dawa ya ng'ombe, au jinsi ya kumpa mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari. Akisikia ngoma bila vipimo, anaweza kwenda nyumbani akakisia. Ndiyo maana twasema maneno yasipotee njiani.

Kwa sababu hiyo hiyo, msiogope kutumia spika mbili peke yake katika ukumbi mkubwa au uwanjani. Sauti ya kuzunguka imepimwa kwa chumba ambacho watu wameketi katikati ya spika. Ukumbini, anayeketi karibu na spika ya nyuma atasikia vishindo vya nyuma kuliko maneno ya mbele. Spika mbili mbele, kando ya televisheni, zikiwa juu ya vichwa vya watu, mara nyingi zatosha.

6. SPIKA NAZO ZINA MASHARTI

Kila spika ina upande mwekundu na mweusi. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ikigeuzwa moja, hakuna kitakachoungua, lakini sauti nzito itapungua na maneno yataonekana kama hayatoki mahali popote.

Angalieni nyuzi za waya zilizo wazi zisigusane. Zikigusana, risiva nyingi hujizima au huwasha taa ya PROTECT. Msilazimishe kuiwasha tena na tena. Chomoeni, mkague nyaya zote, kisha mjaribu.

Nyuma ya risiva pameandikwa omu, kama vile 8 au 6. Msiweke spika zenye omu chache kuliko hizo. Na mkiunga spika mbili za omu 8 sambamba kwenye mlango mmoja, zinakuwa omu 4. Hapo risiva itachemka.

Zile spika za tarumbeta za kanisani, nyingi zina transfoma ndogo ndani na hufanya kazi na amplifaya ya aina yake. Msiziunge kwa risiva ya nyumbani bila kumwuliza fundi.

7. KABLA YA KUSEMA IMEKUFA

Andikeni orodha hii kwa karatasi kubwa, mwibandike ndani ya kabati ya vyombo. Fuateni moja baada ya nyingine.

Moja: redio ya risiva inaimba? Ikiimba, risiva na spika ni nzima.

Mbili: kitufe cha kuchagua kiko mahali waya ulipoingia? Ukiingiza kwa AUX, chagua AUX.

Tatu: TAPE MONITOR imebonyezwa? Iachie. Kitufe hicho kikibonyezwa, risiva hungoja kaseti na kusahau deki.

Nne: SPEAKERS A imewashwa? MUTING imezimwa?

Tano: kama mnatumia dijitali, risiva imeambiwa isikilize dijitali? Tafuteni INPUT MODE, mchague AUTO au DIGITAL. Kama mnatumia nyaya sita, mmebonyeza 5.1 INPUT?

Sita: menyu ya deki iko PCM au BITSTREAM, kulingana na risiva yenu? DOWNMIX je?

Saba: jaribuni waya mwingine. Nyaya huvunjika ndani kwa kukunjwa kila wiki, na ni rahisi kubadilisha kuliko mashine.

Nane: jaribuni diski nyingine, ikiwezekana CD ya nyimbo. CD ina njia mbili tu. Ikiimba vizuri na DVD ikikataa, shida ni menyu, si chombo.

Mkimaliza yote nane na bado kuna kimya, sasa mwiteni fundi, mkiwa na karatasi ya yale mliyojaribu. Fundi mwaminifu atafurahi. Yule asiye mwaminifu atajua kwamba hapa kuna watu wanaoelewa.

8. TUHESABU KWANZA

Tuseme kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja huchanga shilingi 200 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 4,000. Mkiamua kununua vyombo vipya vya shilingi 40,000, mmetoa mchango wa miezi 10. Hizo ni mbegu, ni karo, ni mkopo wa mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Ikiwa shida ilikuwa neno moja katika menyu, mtawaeleza nini wanachama?

Injili ya Luka, sura ya 14, mstari wa 28, yatukumbusha habari za mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa vitu. Chombo cha zamani kinachofanya kazi si aibu. Ni mali ya kikundi.

Hata hivyo tusiwe wakaidi. Kuna wakati wa kununua. Chombo kikitoa harufu ya kuungua, kikirusha watu stima, au fundi wawili tofauti wakisema gharama ya kukitengeneza imepita thamani yake, kiacheni. Uhai wa mtu ni wa thamani kuliko mradi.

Mambo matatu ya kutenda wiki hii. Kwanza, funzeni watu watatu, sio mmoja, na angalau mmoja wao awe mama. Ikiwa ni kijana mmoja tu anayejua nyaya, siku akipata kazi mjini mradi umesimama. Na kitu kikiharibika, lawama zote zitamwangukia yeye. Pili, fungeni plasta kwenye kila waya, mwandike unatoka wapi na unaingia wapi. Tatu, kila mara jaribuni vyombo saa mbili kabla ya watu kufika, sio wakati ukumbi umejaa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika igizo, kwa nini kijana alitaka kununua chombo kipya upesi? Je, alikuwa na nia mbaya?

2. Swali la mweka hazina lilisaidiaje? Je, kikundini kwetu watu wasio na ujuzi huruhusiwa kuuliza?

3. Risiva yetu iko katika fungu gani, na deki yetu ina milango gani? Nendeni mkaangalie pamoja.

4. Tumewahi kutumia pesa za kikundi kabla ya kujua shida ni nini? Tulijifunza nini?

5. Ni nani watatu tutakaowafunza, na lini?

Baada ya mazungumzo, katibu aandike yale mliyoamua, na jina la atakayefanya. Kisha chezesheni filamu fupi, mmoja wenu aketi mwisho kabisa wa ukumbi, na mumwulize: Umesikia maneno?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.